Nilisoma Yakobo sura ya 5 jumuiyani, sasa naambiwa naleta siasa

Shangazi, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, na huu ni mwaka wa nne ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Nakuandikia kwa sababu nimekosa mtu wa kumwambia jambo hili bila maneno kuzunguka mtaa mzima na kunirudia yakiwa mengine.

Jumuiya yetu inasali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tarehe 28 Septemba mwaka huu wa 2024 zamu ilikuwa kwa mwenyekiti wetu. Yeye na mume wake ni watu waliotusaidia sana. Msiba ukitokea, gari lao ndilo linalobeba maturubai na masufuria. Kigango kilipopauliwa, bati nyingi walitoa wao. Nayasema haya ili ujue simchukii.

Utaratibu wetu ni kusoma masomo ya Dominika inayofuata, na mimi nilipangiwa somo la pili. Sikulichagua. Lilikuwa Yakobo 5, mstari wa 1 hadi wa 6. Nikaanza: "Haya basi, enyi matajiri! Lieni, mkapige yowe." Nikaendelea mpaka mstari wa nne: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele."

Wakati huo dada wa kazi wa pale, binti wa miaka kama kumi na tisa kutoka Singida, alikuwa anapanga vikombe, maana tukimaliza sala huwa tunakunywa chai. Binti huyo anadai mshahara wa miezi mitano. Wengi wetu tunajua, ananiambia mwenyewe tukikutana gengeni. Niliposoma neno "ujira" nikasikia kijiko kikigonga kisahani. Nikainua macho. Amesimama, ameikumbatia chupa ya chai kwa mikono miwili, hajaiweka mezani, ananitazama mimi. Hakumtazama mwenyekiti.

Nikamaliza. "Neno la Bwana." Wakaitikia. Kisha kimya. Siku nyingine wakati wa kushirikishana watu wanapokezana hata kabla mwenzao hajamaliza. Siku hiyo mama mmoja alikohoa, mwingine akamfunga mtoto kamba za viatu. Mwenyekiti ndiye aliyevunja kimya. Alisema somo hilo liliwahusu matajiri wa Kiyahudi wa zamani waliomkataa Kristo, kwetu hapa hakuna tajiri, wote tunapambana na maisha, tuingie kwenye Injili. Tukaingia. Binti akamimina chai.

Dominika yenyewe Padre alihubiri Injili tu, Yakobo hakuguswa. Tarehe 13 Oktoba ikaja Injili ya ngamia na tundu ya sindano. Nikasema leo, leo. Tukaelezwa kwamba Yerusalemu kulikuwa na mlango mdogo ulioitwa Tundu la Sindano, na ngamia aliweza kupita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Nilisikia benchi zima likishusha pumzi.

Nikiri kosa moja. Usiku wa ile Jumamosi niliuweka mstari wa nne kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, peke yake, bila maelezo. Asubuhi nikakuta grupu limefungwa, wanaandika viongozi wa juu tu, na mimi katibu nimetolewa kwenye uongozi wa grupu. Wiki hiyo wazee wawili walinijia nyumbani. Walisema nimemdhalilisha mwenyekiti kwake, na kwamba jumuiya si mahali pa siasa. Tangu hapo salamu zimepungua. Mwanangu wa pili anajiandaa kwa kipaimara, fomu yake inahitaji sahihi ya mwenyekiti, na iko kwake wiki ya tatu sasa.

Najua utaniuliza na kwangu kukoje. Kwangu hakuna tatizo hilo. Dada ninayeishi naye nimekubaliana naye 80,000 kwa mwezi na simdhulumu hata senti. Namtunzia tangu Januari, atachukua zote kwa mkupuo Desemba akienda kwao Kondoa, maana binti wa umri ule ukimpa kila mwezi zinaishia kwenye vocha na nywele. Mwezi wa saba tulipokwama ada tulizigusa kidogo, 250,000, lakini anajua, na zitarudi kabla ya Krismasi.

Swali langu, Shangazi: kwa nini sisi Wakristo tunayakwepa Maandiko yetu wenyewe? Tunayainua juu kwenye maandamano, tunayafukizia ubani, yakianza kusema tunageuzia uso pembeni. Na mimi nifanye nini? Nihamie jumuiya nyingine, niache ukatibu, au ninyamaze mpaka mtoto apate kipaimara?

Katibu, Tabata


Milele amina, na marahaba mwanangu.

Nianze na hao wazee wawili, maana neno lao ndilo linalokunyima usingizi. Hukuleta siasa. Kalenda ya masomo unayoifuata ilitolewa na Kanisa mwaka 1969, na inazunguka kwa miaka mitatu. Septemba hii Dominika zote tano, kuanzia tarehe 1 hadi 29, somo la pili lilikuwa Yakobo. Tarehe 8 mlisoma habari ya mtu anayeingia na pete ya dhahabu akapewa kiti kizuri, na maskini akaambiwa asimame kule. Tarehe 29 ikawa zamu ya ujira uliozuiwa. Somo hilo lilisomwa siku hiyohiyo Roma na Bukoba, na litarudi mwaka 2027, awe katibu wewe au mwingine. Anayesema limeletwa na wewe hajafungua ukurasa wa kalenda.

Sasa hilo la kwa nini tunakwepa. Nimefundisha katekesi Buguruni kwa miaka mingi, na nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Kila mtoto niliyemfundisha alimjua Zakayo. Walijua kwamba ni mfupi, walijua mkuyu, walijua kwamba Yesu alimwambia ashuke. Nilipouliza Zakayo alisema nini baada ya kushuka, mikono yote ilikuwa chini. Alisema hivi: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Watoto hawakuisahau sehemu hiyo. Hawakuwahi kuambiwa. Sisi walimu tuliuchora mti ubaoni, tukawapa rangi wapake majani, kipindi kikaisha.

Hivyo ndivyo tunavyolelewa kuisoma Biblia, kwa kuchagua tunda na kuacha mti. Angalia mistari iliyobandikwa kwenye vioo vya daladala, kwenye kalenda za ukutani, kwenye status za simu. Yeremia 29:11, mawazo ya amani. Kumbukumbu la Torati 28:13, kichwa wala si mkia. Ni maneno ya Mungu, na mimi mwenyewe yamenishika mkono siku ngumu. Lakini ule wa Yeremia unatoka katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia watakaa huko miaka 70. Mzee aliyesikia barua ile ikisomwa alijua kwamba atazikwa ugenini. Sisi tunaumega mstari mmoja na kuuweka kwenye kadi ya kuhitimu.

Na huo wa zaka ndio unaoniuma zaidi. Sijui kama kuna Mkristo Dar es Salaam ambaye hajausikia Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Unasomwa kabla ya sadaka, unasomwa kwenye harambee, unasomwa redioni. Siku moja nilipandisha macho juu kidogo kwenye ukurasa uleule, mistari mitano tu, nikakuta wa 5. Hapo Bwana anasema atakuja kuhukumu, awe shahidi mwepesi juu ya wachawi, na wazinzi, na waapao kwa uongo, na "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake." Nilikaa pale na miwani mkononi. Miaka yote hiyo nimesikia watu wakitishiwa laana kwa kumwibia Mungu zaka, kwenye sura hiyohiyo ambayo Mungu anautaja mshahara wa mfanyakazi kabla ya zaka, na hakuna aliyewahi kuniambia. Anayezuia mshahara amepangwa safu moja na mchawi, mwanangu. Mtaani kwetu akitajwa mchawi watu wanakesha, na akitajwa asiyelipa dada wa kazi tunasema ni mambo ya ndani ya nyumba yake.

Ndiyo maana hilo la "matajiri wa Kiyahudi wa zamani" haliwezi kusimama. Torati ilikwisha kulisema kabla ya Yakobo, Kumbukumbu la Torati 24: mtumishi aliyeajiriwa apewe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe, "kwani ni maskini huyo, moyo wake umetumainia huo." Yeremia naye alimtamkia ole anayejenga nyumba yake kwa udhalimu na kumtumia mwenzake kazi pasipo ujira. Ni neno lililorudiwa kizazi kwa kizazi, na halirudiwi kwa watu wanaolitii.

Kuhusu ule mlango wa ngamia, nisikufiche. Hakuna ushahidi kwamba mlango wa jina hilo ulikuwepo Yerusalemu wakati wa Yesu. Ni maelezo yaliyokuja karne nyingi baadaye, yakapendwa kwa sababu yanamruhusu ngamia apite. Na Marko mwenyewe anayakanusha ukisoma mstari unaofuata: wanafunzi walishangaa mno wakaulizana, ni nani, basi, awezaye kuokoka? Kama ingekuwa habari ya kupiga magoti mlangoni, wangeshangaa nini? Na Yesu hakuwatuliza kwa kuwaonyesha mlango. Aliwaambia kwa wanadamu haiwezekani, kwa Mungu yote yanawezekana. Ukilipunguza lile la kwanza umelipunguza na hili la pili, kwa sababu jambo rahisi halihitaji Mungu.

Simlaumu sana aliyewahubiria hivyo. Padre anamtazama mtu aliyekaa benchi la mbele, na anajua kwamba mtu huyo ndiye aliyeahidi saruji ya mnara. Anawatazama wa nyuma, anajua wamepanda daladala mbili wakiwa wamesimama, wiki nzima wamegombezwa na mabosi, wamekuja wapate neno la kuwainua. Uchovu wa watu ni kitu cha kweli, na kufariji ni kazi ya Kanisa. Lakini fikiria yule binti mwenye chupa ya chai. Neno lipi lingemfariji zaidi ya lile ulilokuwa unalisoma? Siku ile kwa mara ya kwanza amesikia kwamba deni lake limefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sisi tulioketi ndio tuliolisikia kama tishio.

Kuna kitabu kilichapwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watumwa wa makoloni ya Waingereza kule Karibi. Kilikuwa ni Biblia iliyopunguzwa. Yusufu kuuzwa utumwani walimwacha, lakini habari ya Musa kuwatoa watu Misri waliiondoa, na mstari wa Wagalatia unaosema hakuna mtumwa wala huru wakauondoa pia. Walihitaji mkasi na mchapaji. Sisi Biblia zetu ni kamili, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, na yale ya Jumamosi ile mliyafanya kwa sentensi moja, "tuingie kwenye Injili."

Siku moja tu baada ya Dominika ile ya ngamia, Jumatatu tarehe 14, nchi nzima ilikuwa mapumziko ya Siku ya Nyerere. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa Misa za alfajiri, na Oktoba 1970 alisimama New York mbele ya masista wa Maryknoll akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuupinga mfumo unaowaacha watu katika umaskini na kudhalilika, litakosa maana kwa watu na litakufa. Wazee wenu wakisema neno hilo si la kanisani, waulize kama Mwalimu naye alikuwa anaharibu jumuiya.

Hapo nimekutetea, na ninamaanisha. Sasa nisikilize kama mtoto wangu.

Uliandika kwamba binti alikutazama wewe. Nimeirudia sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Pengine alikutazama kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unasoma. Pengine alikuwa anakuomba useme neno moja zaidi. Lakini mabinti wa kazi wanajuana, mwanangu. Wanakutana gengeni, kwenye bomba, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Inawezekana kabisa kwamba alijua tangu mwezi wa saba mshahara wa dada wa kwako ulilipa ada ya nani.

Rudia kuusoma mstari wa nne. Yakobo hasemi "mliokataa kulipa." Anasema "mliouzuia." Tangu Januari hadi Oktoba ni miezi kumi, 800,000, na binti hajashika hata noti moja. Wewe unaita kutunza. Je, mwajiri wako akikuambia anakutunzia mshahara mpaka Desemba kwa sababu akikupa kila mwezi unaishia kwenye vitenge, utaita nini? Vocha ni namna yake ya kusikia sauti ya mama yake. Nywele ni kichwa chake. Ameinuka saa kumi na moja kila siku kwa miezi kumi, na haki ya kuitumia vibaya hela yake ni yake pia.

Unasema anajua kuhusu hizo 250,000. Alipoambiwa, angejibu nini? Analala kwako, anakula kwako, nauli ya kurudi Kondoa iko mkononi mwako. Huo si mkopo aliokubali, ni mkopo ambao hakuwa na njia ya kuukataa. Umeona kwa nini mwenyekiti wako alisema "kwetu hapa hakuna tajiri"? Kwa moyo uleule wewe umeniandikia "kwangu hakuna tatizo hilo." Katika sebule ile mlikuwa wawili mnaoguswa na somo, mmoja akalihamishia kwa Wayahudi wa zamani, mwingine akalihamishia kwa mwenye nyumba. Na hapo ndipo ninapoliona jibu la swali lako, kuliko katika mlango wa ngamia na mambo yote niliyoyasema juu. Tunayakwepa Maandiko kwa sababu yanaijua nyumba yetu na namba ya mlango. Wengine wanakwepa kwa kufunga kitabu. Mtu wa sala kama wewe anakwepa kwa kukisoma kwa sauti kubwa kuelekea kwa jirani.

Usikate tamaa hapo. Umeiandika habari hiyo mwenyewe bila kuulizwa, katika barua ambayo ungeweza kuiacha. Kuna kitu ndani yako kilichotaka kionekane.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mkae wewe, mumeo na binti, mezani, naye awe ameketi kwenye kiti kama ninyi. Mhesabiane miezi kumi. Hizo 550,000 mlizonazo apewe zote, kwa namna atakayotaka yeye, mkononi au kwenye simu yake, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lake. Akitaka muendelee kumtunzia, aombe mwenyewe, na aweze kuzichukua hata usiku wa manane bila kueleza sababu. Hizo 250,000 ziandikwe kwenye karatasi kwamba mnadaiwa, na tarehe, na sahihi zenu, karatasi abaki nayo yeye. Kisha mumwombe msamaha. Na kuanzia mwezi huu alipwe mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu kuwa mwajiriwa kamili: alipwe siku mliyokubaliana, apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kama hujui siku yake ya mapumziko ni ipi, basi hana.

Ukishamaliza hilo, nenda kwa mwenyekiti. Nenda peke yako, kama Bwana alivyoelekeza katika Mathayo 18, na usiende siku ya sala. Anza na ile WhatsApp. Hapo ulikosea, maana uliliweka neno la Mungu grupuni kama mtu anavyobandika tangazo la mdaiwa, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watu huanza kutetea heshima yake, deni la binti analisahau. Mwombe radhi kwa hilo, bila "lakini." Halafu umweleze ya kwako, miezi kumi na ada na yote, jinsi ulivyomlipa. Nakuambia kwa uzoefu, mtu anayeweza kuisikia habari ya mshahara ni yule anayeisikia kutoka kwa aliyekuwa na deni hilohilo. Kisha umuulize, mama, na yule binti wa Singida tumsaidieje? Hujui kuna nini nyuma ya geti lile. Gari na bati haziwi ushahidi kwamba fedha ipo. Wapo wanaochangia kigango kwa mkopo ili wasionekane wameshuka. Kama wamekwama, afadhali waseme wamekwama na waanze na mwezi mmoja.

Akikataa, binti asiachwe. Lakini kabla ya hatua yoyote muulize yeye anataka nini, maana ukilipuka kwa niaba yake, atakayelala nje ni yeye. Akitaka kudai, aanze na ofisi ya serikali ya mtaa. Chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinashughulikia watu wa majumbani. Na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya aina hii yanatakiwa yapelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, na akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa sababu za msingi. Uwe tayari kumpa mkeka kwako kwa siku kadhaa. Nadhani umeshaona kwamba huwezi kumkaribisha kabla hujamlipa yule aliye kwako.

Fomu ya kipaimara isikutoe jasho. Nenda kwa katekista, au ofisi ya parokia siku ya kazi, ueleze kwamba imekwama. Sakramenti ya mtoto haitunzwi kwenye kabati la mtu. Wala usiitumie kama sababu ya kunyamaza. Mtoto anayekwenda kuombewa paji la nguvu anaona nyumbani kwake nani analipwa na nani halipwi.

Kuhama jumuiya sikushauri. Jumuiya utakayohamia ina binti mwingine mwenye chupa ya chai jikoni. Kaa hapo. Ukatibu endelea nao mpaka wakuondoe kwa utaratibu. Na kama unataka kubadilisha kitu, omba jambo dogo tu: kwamba wakati wa kushirikishana msirukie Injili, kila somo lipewe kimya cha dakika mbili na mtu mmoja aseme linamdai nini yeye mwenyewe, kwake. Wewe ndiye uanze. Kwa Padre nenda baada ya Misa, kwa heshima, umwambie mngependa siku moja awahubirie Yakobo. Mapadre wengi wanangoja mtu mmoja tu awaombe.

Niandikie tena ukishamkabidhi binti hela yake. Nataka kujua alisema nini, na kitu cha kwanza alichonunua.

Shangazi